Sange shambani: nifyeke kichaka au nikiache?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naomba ushauri. Nina shamba la mikorosho huku Tandahimba, udongo mchanga mtupu, na pembeni kuna kichaka kikavu. Wakati wa kupalilia nimekuta vijia vyembamba, visafi kuliko uwanja wangu. Kumbe ni vya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu! Jirani anasema ni panya tu, niwategee sumu. Nimekataa, maana nimewaona wakila mchwa na sisimizi, korosho hawagusi. Nimewaachia kichaka upana wa hatua kumi, ila nahofia moto wa kiangazi. Je, upana huo unawatosha? Na salfa ninayopulizia mikorosho, haitawadhuru kupitia wadudu wanaowala?