Farasi ameacha kuchechemea ila daktari anasema abaki boksini (chumba chake bandani) kwa miezi. Mwenye farasi anataka afunguliwe. Nifanyeje?

SaisiWaKaren

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuuguza farasi mwenye jeraha la kano mpaka akarudi kazini.

Ninamtunza jike wa miaka tisa, Thoroughbred, aliyekuwa akishindana Ngong kabla ya kuletwa huku Karen kufundishia watoto kupanda. Tunamwita Malaika. Mwezi uliopita alirudi kutoka mazoezini akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nilipopapasa nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, palikuwa na moto na pamebinuka kwa nje. Daktari alikuja siku ileile. Akaagiza maji baridi ya mpira dakika 20 mara kadhaa kwa siku, bendeji, byuti ya kupunguza maumivu kwa muda mfupi, na boksi. Baadaye uvimbe ulipotulia akarudi na mashine ya altrasaundi, tukaona doa jeusi katikati ya kano, yaani mahali nyuzi zilipochanika. Akasema mwaka huu tusahau habari ya kumpanda.

Sasa mguu umepoa na hachechemei kabisa. Mama mwenye farasi amemwona akitembea, akaniambia, "Huyu si amepona? Mfungulie uwanja wa padoki, unamtesa bure." Na kweli Malaika anateseka. Anapiga mlango mateke, anayumba kichwa huku na huku kutwa nzima, ameanza kung'ata ubao. Juzi nilipomtoa dakika chache alisimama kwa miguu ya nyuma, nikaponea chupuchupu. Kinyesi nacho naona kimekuwa kikavu na kidogo.

Nampenda sana huyu farasi na sitaki aharibike mikononi mwangu. Nimsikilize nani?

KijanaWaUsaRiver

Pole mkuu. Huku kwetu chini ya Mlima Meru farasi wengi hawajui boksi, wanalala nje. Akichechemea tunamtengea zizi dogo karibu na wenzake, anakula, anatembea taratibu mwenyewe, anapona. Farasi anayefungiwa anaugua kichwa. Mimi ningemfungulia, lakini zizi dogo, si padoki nzima.

MgangaWaKwato

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea Kabete, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni farasi. Mgonjwa nisiyemwona siwezi kumtibu, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari wenu. Ila hili la "hachechemei, basi amepona" lazima lijibiwe, kwa sababu ndilo linalowarudisha farasi wengi kwenye jeraha lilelile, na mara ya pili huwa baya zaidi.

Farasi anachechemea kwa sababu ya maumivu, na maumivu ya kano hutokana zaidi na uvimbe wa mwanzo. Uvimbe ukishuka, na hilo huchukua wiki chache tu, maumivu yanaondoka. Wakati huo kano yenyewe ndiyo kwanza inaanza kuziba. Kano nzima imejengwa kwa nyuzi za kolajeni ya aina ya kwanza, zimelala sambamba kama za kamba ya katani iliyosokotwa vizuri. Kovu la mwanzo ni kolajeni ya aina ya tatu, nyuzi nyembamba zilizolala ovyo. Kuzibadilisha na kuzipanga ni kazi ya miezi mingi, mara nyingi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hata baada ya hapo sehemu ile hairudi kuwa na unyumbufu wa zamani. Kumbuka pia kwamba kano hii, hata ikiwa nzima, farasi akipiga shoti huvutwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana padoki sasa hivi ni hapana. Farasi aliyefungiwa wiki kadhaa akiona uwazi anaruka, anageuka ghafla, anakimbia. Kovu changa halihimili hayo.

Zizi dogo la kijana wa Usa River silipingi moja kwa moja. Wako farasi watulivu wanaofaa zizi la ukubwa wa boksi mbili, na linawasaidia sana. Huyu anayesimama kwa miguu ya nyuma bado.

Lakini kumsimamisha boksini usiku na mchana nako si tiba. Nyuzi mpya zinajipanga kwa kufuata mvuto mdogo wa kila siku, kwa hiyo kutembezwa kwa mkono ni sehemu ya dawa. Kwa kawaida tunaanza dakika 5 hadi 10, ardhi iwe sawa na imara, bila kona kali, kisha tunaongeza dakika 5 kila wiki. Akikaribia mwezi wa tatu anafika nusu saa au dakika 45, hapo altrasaundi inarudiwa. Troti, ile mbio ya polepole, inaanza picha ikiruhusu, hata kama kalenda imeshafika. Na kila asubuhi, kabla ya kumtoa, papasa miguu yote miwili ya mbele kwa kiganja na uilinganishe. Moto ukirudi, au uvimbe, simamisha na umpigie daktari.

Byuti usimpe kwa kubahatisha. Kwanza inaficha maumivu ambayo ndiyo breki yake, pili ikizidi inamletea vidonda vya tumbo. Farasi aliyefungiwa tayari yuko karibu na vidonda hivyo.

MaskatiZinjibari

Daktari amesema kweli tupu. Mimi nipo Maskati, nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi wa Kiarabu. Naongeza jambo moja kwa sababu najua litamfikia huyu ndugu, kama halijamfikia bado: wazee wa kazi watamwambia mguu uchomwe kwa chuma cha moto ili kano "ikaze". Huku Uarabuni ni desturi ya zamani sana, kwa ngamia, kwa farasi na hata kwa watu. Kaka, usikubali. Uingereza nako madaktari walikuwa wakichoma kano za farasi wa mbio miaka mingi, mpaka utafiti wa Bristol uliochapishwa mwaka 1983 ukaonyesha kwamba kuchoma hakuharakishi kupona. Farasi waliopona walipona kwa ule muda mrefu wa kupumzishwa uliofuata. Unamuunguza mnyama asiyeweza kukwambia kitu, na faida haipo.

Jambo lingine ni mguu wa pili. Watu wote wanautazama mgonjwa, wanausahau ule unaobeba mzigo wake. Barbaro, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio za Kentucky Derby mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baadaye. Mfupa uliungwa na madaktari mabingwa, ukawa unaunga, lakini laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato, ikamshika kwenye kwato za miguu mingine na Januari 2007 ikabidi auawe asiteseke. Jeraha la Malaika ni jepesi mno ukilinganisha na lile, sikutishi. Ninachosema ni kwamba shika kwato zote nne kila siku, na uguse mapigo ya damu nyuma ya kifundo. Yakipiga kwa nguvu na kwato ni ya moto, hiyo ni dharura. Bendeji nazo funga miguu yote miwili ya mbele, pamba nene chini, mkazo sawa toka juu mpaka chini, ufungue kila siku. Bendeji iliyokaza mahali pamoja inaijeruhi kano vilevile.

SaisiWaKaren

Daktari na kaka wa Maskati, Mungu awabariki. Kweli kuna mzee aliniambia habari ya kuchoma, nikawa sijui nimjibu nini kwa heshima.

Chakula nimpeje? Alikuwa akila pelet nyingi (chakula cha nguvu cha punje) za farasi wa kazi, na nyasi za Boma Rhodes asubuhi na jioni. Na hasira zake nizitulize vipi? Mama yeye anaamini namtesa, na akija anamwona anayumba, anazidi kuamini.

DadaWaGilgil

Kaka, mimi ni mwenye farasi, kwa hiyo nitaongea kwa upande wa huyo mama. Amelipia farasi, analipa daktari, watoto wanamuulizia kila Jumamosi, na kila akija anakuta mnyama mwenye miguu mizuri amefungiwa. Maneno ya saisi peke yake hayatamtosha, na si kwamba anakudharau. Mwombe daktari amwonyeshe ile picha ya altrasaundi yeye mwenyewe, alione lile doa kwa macho yake. Mimi nilipoonyeshwa la farasi wangu sikubishana tena. Halafu tundika karatasi mlangoni mwa boksi: tarehe, dakika alizotembea, mguu ulikuwa wa moto au baridi, amekunya mara ngapi, amekunywa ndoo ngapi. Mwenye farasi akiona kazi inafanyika kila siku, moyo unatulia.

Chakula: punguza pelet karibu zote. Nguvu hana pa kuzipeleka, zinaishia mlangoni na kichwani kwake. Nyasi ndiyo iwe chakula. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na usimpe mara mbili tu. Tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, awe anakula au hali. Gawanya mara nne au tano, tia kwenye wavu wenye matundu madogo, au nyavu mbili zilizopachikwa kona tofauti ili azunguke kidogo kuzifuata. Boma Rhodes iliyokomaa sana ni ngumu, hiyo iloweke maji kabla. Itasaidia kinyesi, na vumbi litapungua.

Kinyesi ndicho kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako kuliko mateke. Farasi anayesimama tu utumbo wake unalegea, chakula kinakauka na kuziba, anapata msokoto wa tumbo. Hesabu mafungu: farasi mzima hukunya kama mara 8 hadi 12 kwa siku. Yakipungua sana, au akianza kujitazama ubavuni na kukataa chakula, usingoje asubuhi. Maji yawepo muda wote, lita 25 hadi 50 kwa siku ni kawaida kwa farasi wa ukubwa huo. Ndoo ni bora kuliko birika la kujijaza lenyewe kwa sababu unaona alichokunywa.

Matandiko ya maranda yawe mengi, usafishe mara mbili kwa siku. Mkojo ukikaa, kwato zinaoza na mapafu yanaumia.

MwanaAmu

Nami niseme kidogo, ijapokuwa mimi ni mtu wa punda. Hapa Amu, yaani Lamu, punda ndio wanaobeba mawe, mchanga na saruji kwenye vichochoro, na tangu ile kliniki ya punda ilipofunguliwa mwaka 1987 tumejifunza mengi. Moja ni kwamba punda mgonjwa hatengwi na mwenziwe. Ukimtenga anaacha kula, mafuta yanajaa kwenye damu, anakufa kwa ugonjwa ambao hukuutibu. Mgonjwa anakuja na rafiki yake, wanawekwa pamoja.

Ndugu yangu, huyo Malaika anamwona nani akiwa ndani? Kama wenzake wote wanapelekwa malishoni yeye akabaki na ukuta, atayumba tu. Tafuta punda mpole au mbuzi, umweke boksi la jirani wagusane pua. Utaona mabadiliko.

MgangaWaKwato

Rai nzuri sana ya ndugu wa Amu, ila punda apewe dawa ya minyoo kwanza kwa maelekezo ya daktari. Punda wengi hubeba minyoo ya mapafu bila dalili yoyote, farasi wakiipata wanakohoa. Mbuzi hana shida hiyo.

Kuhusu kumtoa: usimtoe kwa kamba ya kichwani tu. Mvalishe lijamu, vaa glavu na kofia ngumu, tumia kamba ndefu ili akisimama uwe na nafasi ya kumwachia bila kumpoteza. Mtembeze baada ya kula, si kabla, na wenzake wawe bado wako ndani ili asitake kuwakimbilia. Kama bado ni hatari, mwambie daktari wako akupe dawa ya kumtuliza kwa zile siku za mwanzo. Asepromazini hutumika sana kwa kazi hii. Hiyo si aibu wala udhaifu wa saisi. Mruko mmoja wa hasira linaweza kufuta kazi ya wiki nyingi.

Kwa kuwa mko Nairobi na mvua zinakuja, funga wavu mwembamba mlangoni na dirishani kabla ya jua kuzama. Usubi ndio unaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hakikisha chanjo yake ya mwaka haijapita.

KijanaWaUsaRiver

Nimeelewa daktari. Nilikuwa nafikiria farasi wetu waliozoea nje maisha yote. Huyu wa boksi na mashindano ni tofauti. SaisiWaKaren, fuata ya daktari.

SaisiWaKaren

Nimemsomea mama majibu yote leo mchana. Amekubali daktari aje na mashine mbele yake Alhamisi, na mbuzi tutampata kwa jirani. Pelet nimeanza kupunguza, nyasi nimeloweka. Swali la mwisho: viatu vya chuma avivae au vitolewe muda huu wote?

MgangaWaKwato

Muulize daktari Alhamisi akiwa na fundi wa kwato pamoja. Mara nyingi vya nyuma vinatolewa. Vya mbele vinategemea kwato zake zilivyo, maana ncha ya mbele ya kwato ikiwa ndefu na kisigino kikiwa chini, kano inavutwa zaidi kila hatua. Lolote watakaloamua, asipitishe wiki sita bila kukatwa kwato.