Naomba ushauri: kulinganisha idadi ya waliojitokeza kupiga kura katika mitaa ya Nairobi

Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu tofauti za kujitokeza kupiga kura katika maeneobunge 17 ya Nairobi, nikilinganisha uchaguzi wa Agosti 2017 na ule wa marudio wa tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ambapo Raila Odinga alikuwa amejiondoa na kiwango cha taifa zima kikashuka kutoka takriban asilimia 79 hadi 39.

Idadi za kila kituo ninazipata katika Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo. Kinachonikwamisha ni kabila: sajili ya wapiga kura haiandiki kabila la mtu, na kulikisia kwa jina kunanitia shaka, kwani mwanamke huenda anatumia jina la mume wa kabila jingine, na Mnubi wa Kibra (wa jamii ya Waislamu wenye asili ya Sudan) jina lake humtambulisha kwa dini tu. Isitoshe, mpangaji wa mtaa wa Pipeline huenda amejiandikisha kijijini kwao, hivyo kutoonekana kwake kituoni si uvivu, kama wengi wetu tunavyopenda kudai.

Je, nitumie kodi ya nyumba na muda wa kuishi mtaani badala ya kabila, au nihoji nyumba kwa nyumba? Aliyewahi kufanya utafiti wa aina hii alimwulizaje mtu kabila lake bila kufungiwa mlango?