Naomba ushauri: mwendo wa macho katika kusoma vitenzi virefu vya Kiswahili

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salamu.

Ninasoma shahada ya uzamili katika saikolojia, na tasnifu yangu inachunguza jinsi macho yanavyotua juu ya vitenzi vya Kiswahili mtu anaposoma kimya. Tafiti za Kiingereza, hasa za mwanasaikolojia wa usomaji Keith Rayner, zinaonyesha kuwa jicho hutulia kwa milisekunde 200 hadi 250 hivi, kisha huruka herufi 7 hadi 9. Lakini neno kama "hawatatusaidia" lina herufi 14 na limebeba sentensi nzima, kwa hiyo nasita kuvihamisha vipimo hivyo kama vilivyo.

Kinachonikwamisha ni kutenganisha urefu wa neno na wingi wa viambishi vyake. Nimejaribu kulinganisha kitenzi hicho na nomino "mwanamapinduzi", yenye herufi 14 pia, ila nomino za namna hiyo ni chache na hazitumiki mara nyingi kama vitenzi. Je, niendelee kutafuta jozi zinazolingana, au niache urefu utofautiane kisha niudhibiti kwa modeli ya takwimu yenye athari mseto (mixed effects), yaani inayopima athari ya vigezo kama urefu huku ikizingatia tofauti kati ya washiriki na kati ya maneno?

La pili ni dogo, lakini linanisumbua. Katika majaribio ya awali kamera inayofuatilia macho ilidhani wanja wa washiriki wawili ndio mboni, alama inayoonyesha mboni ilipo ikawa inarukaruka kwenye kope, na kurudia usawazishaji wa nukta 9 (mshiriki kutazama nukta 9 kwenye skrini ili mashine ijue anakotazama) hakukusaidia. Niwaombe washiriki waje bila wanja, na kwa maneno gani yasiyowaudhi?