Mkoba wa jinzi ya mtumba uandikwe "Imetengenezwa Tanzania"?

Mkata Jinzi: Wadau, habari za jioni. Mimi nakata jinzi za mtumba kutoka soko la Karume, Dar, nashona mikoba, vipochi na bendi za nywele. Bitana ni kitenge, mkanda wa begani nautoa kwenye viuno vya suruali zenyewe. Lebo yangu inasema "Imetengenezwa Tanzania". Juzi kwenye maonyesho mteja kaurudisha mkoba, kasema nadanganya watu, kitambaa cha Wazungu. Mnasemaje?

Mzee wa Ubungo: Mteja yuko sahihi. Sisi pale kiwanda cha nguo cha Urafiki, tangu 1968, pamba iliingia mlangoni ikatoka khanga. Tulisokota, tulifuma, tulipiga chapa. Hiyo ndiyo imetengenezwa Tanzania. Wewe umechanja suruali ya mtu ukaweka zipu. Kafa Ulaya, hiyo mitumba yenu, imeua viwanda, sasa mnaivalisha bendera.

Dada wa Karume: Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuua viwanda tusemezane vizuri. Kabla Rais Mwinyi hajasema ruksa kuingiza bidhaa za nje, viwanda vyenu vilishakuwa taabani: vipuri hamna, umeme hamna, fedha za kigeni hamna. Watu walipanga foleni kwa shati moja. Mtumba ulikuta mgonjwa yuko kitandani.

Mzee wa Ubungo: Marahaba. Hiyo foleni ulipanga wewe au umesimuliwa?

Dada wa Karume: Nimesimuliwa na mama, aliyenisomesha kwa kuuza hizo kafa Ulaya unazozitukana.

Karani wa Bandarini: Mnagombana bure. Forodhani nguo za mtumba zinaingia kwa namba 6309, mikoba iko 4202. Kanuni za asili ya bidhaa mara nyingi zinaangalia hilo: bidhaa imehama kichwa cha ushuru, yaani kundi la namba hizo, au haijahama. Kama imehama, na kazi ya kuihamisha imefanyika hapa, kijana ana hoja nzito. Cha kuuliza ni kama kukata na kushona kunahesabika kuwa kazi ya kutosha.

Mzee wa Ubungo: Karani, wewe zungumzia makontena. Nguo tuachie tuliovuta vumbi la pamba.

Kamera ya Gikomba: Habari zenu kutoka Nairobi. Nyinyi si ndio mlikuwa nasi 2016 pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokubaliana mitumba iishe ifikapo 2019? Marekani wakanguruma, sote tukanywea. Rwanda peke yake ikakaza, ikapoteza AGOA kabisa, ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru.

Karani wa Bandarini: Si AGOA yote. Mwaka 2018 walisimamishiwa upande wa nguo tu.

Kamera ya Gikomba: Sawa bosi wa namba. Huku soko la Gikomba fundi anakaa hatua mbili kutoka kwa muuza belo, koti kubwa linageuzwa la saizi yako ukingoja. Hakuna anayeulizia lebo.

Bi Darajani: Miye lebo hainishughulishi. Nlinunua kipochi cha jinzi kama hivyo, zipu ikabaki mkononi mwangu siku ile ile. Mafundi wetu kanzu ya Idi tu inawashinda kumaliza kwa wakati, leo ndio washone mikoba?

Fundi Overloki: Bi mkubwa, heshima yako, ila hapo umetuvua nguo hadharani. Kanzu umeileta lini? Ramadhani yote imepita, kitambaa kiko kabatini. Kumi la mwisho ndio unakuja nacho, pamoja na mtaa mzima.

Bi Darajani: Nlileta Shaabani. Nkaambiwa "njoo kesho" mpaka mwezi ukaandama.

Shabiki Mtazamaji: 😂😂 "Nimebakisha vifungo tu." Ukifika, hata haijakatwa.

Dada wa Karume: Na kitambaa kinachobaki kinakwenda wapi? Ulipeleka mita nne, mwezi ujao unaona mto wa kochi wa fundi una maua yako.

Fundi Overloki: Dada, wewe ndiye nilikuwa nakutetea hapo juu! Haya, kwa faida ya wote: jinzi inataka sindano namba 16 au 18, uzi mzito, na kwenye makutano ya mishono unazungusha gurudumu kwa mkono, la sivyo sindano inavunjika. Zipu ikifika kwenye mshono mnene bila kuupondaponda kwanza kwa nyundo, inachomoka. Aliyekuuzia hakuponda. Usituhukumu wote kwa mmoja.

Mkata Jinzi: Nyundo ninayo. Jamani, lebo?

Mzee wa Ubungo: Andika "Imeshonwa Tanzania". Kitambaa usikisemee.

Mkata Jinzi: Mzee, suti ya dukani kitambaa chake kinatoka nchi nyingine, na hakuna anayeuliza.

Bi Darajani: Fundi, hujajibu. Pesa nlilipa zote mwanzo.

Fundi Overloki: Hapo ndipo mnapokosea. Nusu mwanzo, nusu ukichukua. Ukilipa zote, na mimi ni binadamu, naanza na ya anayenidai haraka.

Shabiki Mtazamaji: Kakiri mwenyewe! Naombeni mlioko karibu na banda lake mseme liko wapi, nikachukue suruali yangu ya mwaka juzi.

Fundi Overloki: Suruali ya mwaka juzi njoo na risiti. Kiuno chenyewe bado ni kile?