Looney Tunes: unakadiriaje mwaka wa katuni kwa kutazama nembo yake ya mwanzoni?

mwalimu_michoro

Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo la usanifu wa nembo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Nimechagua Looney Tunes, mfululizo wa katuni za studio ya Warner Bros., ile nembo ya pete na ngao ya WB, kwa sababu imebadilishwa mara nyingi na bado mtoto akiiona tu anaijua. Nimekwama kwenye kuzipanga. Nina vipande vifupi vya mwanzo wa katuni, majina ya faili hayana mwaka, na pete zinatofautiana: nyingine za buluu, nyingine za machungwa, nyingine zimepauka hadi kuwa pinki. Kipande kimoja hakina pete kabisa, ni mistari na herufi zinazochezacheza.

Nianzie wapi kukadiria miaka? Na rangi ya pete inaweza kutegemewa?

fremu24

Mkuu, usianzie kwenye pete. Anzia ukingo wa chini wa picha. Kwenye mabango ya mwanzo, yaani fremu zenye jina la katuni, mara nyingi kuna mstari mdogo wa haki miliki, na mwaka umeandikwa kwa namba za Kirumi: MCMXL ni 1940, MCMXLVI ni 1946, MCMLIII ni 1953. Simamisha video, kuza picha, soma. Kama mstari huo huuoni, angalia umbo la fremu. Katuni hizi zilitengenezwa kwa picha inayokaribia 4 kwa 3. Aliyeikata ili ijaze skrini ya 16 kwa 9 ameondoa robo ya picha: kwenye fremu ya 1440 × 1080 zinabaki pikseli 810 za kimo, 135 zimekwenda juu na 135 chini. Hizo za chini ndizo zenye mwaka. Tafuta nakala isiyokatwa kabla ya kuhangaika na kitu kingine.

Mwaka huo ni wa haki miliki, si lazima uwe wa kutoka sinema. Katuni ya Now Hear This ya mwongozaji Chuck Jones ina haki miliki ya 1962 lakini ilitoka 1963.

Pale mwaka usiposomeka, fuata dalili hizi. Looney Tunes ilianza 1930 na mhusika Bosko, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1931 ikazaliwa ndugu yake, Merrie Melodies. Wakati huo hakuna pete wala ngao inayoruka. Merrie Melodies iliingia kwenye rangi 1934, lakini Disney alikuwa na mkataba wa kutumia peke yake Technicolor ya rangi tatu, mfumo wa kutengeneza filamu za rangi, hadi mwisho wa 1935, kwa hiyo wengine wote walibaki na mifumo ya rangi mbili. Ukiona katuni ina wekundu na ukijani tu, njano halisi haipo na buluu imeelemea kwenye kijani, uko 1934 au 1935. Looney Tunes yenyewe ilibaki bila rangi muda mrefu zaidi: ya kwanza yenye rangi ni ya 1942, na kuanzia mwishoni mwa 1943 zote ni za rangi.

Ngao inayokuja mbio kutoka katikati ya pete, na ule mlio wa gita la chuma unaoteleza, ni mambo ya 1936 na kuendelea. Kisha soma jina la mzalishaji. Leon Schlesinger aliiuza studio kwa Warner Bros. mwaka 1944, kwa hiyo jina lake likiwepo upo kabla au karibu sana na mwaka huo. Bugs Bunny akiwa amejilaza juu ya ngao anatafuna karoti, hiyo ni katikati ya miaka ya 1940 na kidogo baadaye.

Kile kipande chako kisicho na pete ndicho rahisi kuliko vyote. Mtindo wa mistari ulianza na hiyohiyo Now Hear This, na kuanzia 1964 ukawa ndio mwanzo wa kawaida. Herufi zikiwa W na B, weka 1964 hadi 1967. Zikiwa W na 7 zilizoungana, hiyo ni kampuni ya Warner Bros.-Seven Arts, 1967 hadi 1969, mwaka ambao utengenezaji wa mfululizo wa awali ulisimama. Pete zilirudi kwa heshima zote kwenye Looney Tunes Cartoons za 2020, ambazo ziliiga kwa makusudi mwonekano wa miaka ya 1940.

nakala_ya_kwanza

Nakubaliana na fremu24, ila kuna mtego mkubwa hajautaja, nao umepoteza watu wengi: Blue Ribbon.

Kuanzia 1943 Warner walirudisha sinema katuni zao za zamani chini ya jina hilo. Hawakutengeneza tu nakala mpya. Waliikata negativu ya awali, yaani filamu mama ambayo nakala huchapwa kutoka kwayo, wakaondoa bango la jina na majina ya wasanii, wakabandika bango jipya lenye utepe wa buluu. A Wild Hare ya 1940, ile ambayo Bugs anatokea kwa sura tunayoijua, ilirudishwa 1944 ikiwa imebadilishwa hata jina kuwa The Wild Hare. Kwenye sauti pia, jina la mwigizaji Carole Lombard lililotajwa awali lilifunikwa kwa jina la mwigizaji mwingine, Barbara Stanwyck. Katikati ya miaka ya 1950 walianza kuacha majina ya awali yabaki, lakini nyingi zilikuwa zimeshaharibiwa, na zikirejeshwa leo hutegemea kama kuna mtu alihifadhi nakala ya kwanza.

Kwa hiyo bango lenye utepe wa buluu na lisilo na jina la mwongozaji linakueleza mwaka wa kurudishwa, si wa kutengenezwa. Usilitumie kwenye mpangilio wako kama nembo ya 1938 eti kwa sababu michoro ni ya 1938. Mbaya zaidi, katuni zilizotoka kama Looney Tunes zilirudishwa kwa vazi la Merrie Melodies. Kwa kawaida ungeweza kufumba macho ukasikiliza tu: wimbo Merrily We Roll Along ni Merrie Melodies, The Merry-Go-Round Broke Down ni Looney Tunes. Kwenye Blue Ribbon kipimo hicho kinakudanganya.

Hapo rudi kwa wahusika, watakupa mpaka wa chini. Porky anaanza 1935, Daffy 1937, Tweety 1942, Road Runner 1949, Speedy Gonzales 1953. Tweety akiwemo, hata bango liseme nini, si ya 1939.

Ukikuta herufi a.a.p. kabla ya ngao, hiyo ni nakala ya televisheni. Kampuni ya Associated Artists Productions ilinunua katuni za rangi zilizotoka kabla ya Agosti 1948, mauzo yakafanyika 1956. Nembo hiyo ni ya msambazaji, usiihesabu kama hatua ya mabadiliko.

Kuhusu rangi, jibu ni hapana. Kwanza studio yenyewe ilibadilisha rangi za pete mara kwa mara. Pili, nakala nyingi za televisheni zilichapwa kwenye filamu ya Eastmancolor, ambayo rangi yake ya samawati-kijani hufifia kwanza, picha nzima ikabaki na wekundu. Pete zako za pinki huenda zilikuwa za buluu. Pima kitu unachokijua: manyoya ya Bugs ni kijivu. Yakiwa yamepata wekundu, ndivyo na pete zilivyo.

mwalimu_michoro

Asanteni sana. Nimepata MCMXLVII kwenye kimoja baada ya kutafuta nakala isiyokatwa. Sasa la mwisho: nataka wanafunzi wazichore upya pete kwenye Inkscape, programu ya kuchorea. Nimejaribu mpito wa rangi (gradient) lakini pete zinatoka bapa, hazina kina kama cha handaki. Tatizo liko wapi?

pete_na_ngao

Tatizo liko kwenye nukta ya kuanzia ya mpito, karibu kila mtu anaanguka hapo.

Fungua ukurasa wa 1440 × 1080, kituo kiwe 720, 540. Kutoka kituo hadi kona ni pikseli 900 kamili, basi duara la nje kabisa lipewe nusu kipenyo cha 900, vinginevyo kona zitabaki wazi. Duara la katikati lipe 180. Kati yao weka mengine kwa 270, 370, 485, 610 na 750. Upana wa pete unaongezeka kadiri unavyotoka nje, na hicho ndicho kinacholeta hisia ya handaki. Ukizipa zote upana sawa utapata ubao wa shabaha. Duara kubwa likae chini kabisa, dogo juu.

Sasa rangi. Mpito wa mduara wa Inkscape huanza kituoni, kwenye 0%. Lakini kwa duara la 900, yote yaliyo ndani ya 750 yamefunikwa na duara linalofuata. Ukiacha giza kwenye 0%, linaishia chini ya kifuniko na wewe unaona kipande cha mwisho tu, ambacho karibu kina rangi moja. Ndiyo ubapa unaouona. Sogeza nukta ya giza hadi ukingo wa ndani wa pete: 750 gawanya kwa 900, yaani 83%. Kwa nyingine, kutoka nje kuja ndani: 81, 80, 76, 73 na 67. Mwangaza uache kwenye 100%.

Maneno ya mwisho wa katuni, That's all Folks!, yasichapwe kwa fonti. Yale yaliandikwa kwa mkono. Fonti itatoa herufi l tatu zinazofanana kama mapacha, mbili kwenye all na moja kwenye Folks, na jicho linashtuka hapo hapo. Wachore kwa penseli kwenye karatasi, wapige picha, kisha wafuatishe.

fremu24

Naongezea mkuu, mkifika kutoa video. Wekundu ulioiva kando ya weusi huchakaa kwenye mfinyazo (compression) wa kawaida wa video, kwa sababu taarifa za rangi huhifadhiwa kwa nusu ya idadi ya pikseli kwa upana na kwa kimo, huku mwangaza ukihifadhiwa kamili. Kingo za pete zitaonekana na vijimeno. Punguza ukali wa wekundu kidogo, au toa video kwa vipimo mara mbili, 2880 × 2160, vijimeno vitakuwa vidogo mno kuonekana. Na mpito ukikatika mistarimistari badala ya kuteleza, mwagia punje kidogo kama za filamu kabla ya kuhifadhi. Kwa mazoezi ya darasani hakuna shida, ila wanafunzi waelezwe kuwa nembo bado ni mali ya Warner, wasije wakaichapa kwenye fulana za kuuza.