Albamu gani mnaisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho siku hizi?

Mwana wa Ngamiani

Ndugu wapenzi wa muziki, salaam.

Tangu mfungo uishe nimejiwekea utaratibu mmoja. Kila asubuhi ninapopanda daladala ya Mbagala kwenda Posta, sichagui wimbo, bali nachagua albamu moja, naianzia wimbo wa kwanza, na siiruki sehemu yoyote hata kama wimbo wa tatu haunipendezi. Foleni ya barabara hiyo ni ndefu kiasi cha kutosha albamu nzima, na siku za mvua hutosha mbili.

Kwa sasa zimenikaa masikioni tatu. Ya kwanza ni *Siti of Unguja* ya Siti Muharam, iliyotoka mwaka 2020. Mwimbaji ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na ndani ya albamu hii anazirudia nyimbo za enzi ya bibi yake bila kuziiga. Muziki umeongozwa na Mohamed Issa Matona, na jambo linalonivutia ni jinsi walivyoacha nafasi: udi, chombo cha nyuzi, hupiga, ukanyamaza, nawe unausikia ukimya kabla sauti haijaingia. Santuri za zamani zilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kuukimbiza wimbo, lakini hapa hakuna anayekimbizwa.

Ya pili ni *Spices of Zanzibar* ya Culture Musical Club, ya mwaka 1996. Hiyo ni taarabu ya kundi kubwa, yenye fidla, akodiani, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na ngoma ya dumbak, pamoja na waitikiaji wanaokipokea kibwagizo kama wimbi linalorudi ufukweni. Nimeona kwamba albamu hii haifai kusikilizwa kwa sauti ya chini, maana fidla zikififia unabaki na mwimbaji peke yake, na nusu ya utamu imeondoka.

Ya tatu ni *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, iliyotolewa mwaka 1989. Hapa ndipo nilipoelewa maana ya albamu kupangwa. Inaanza na "Dole", ikapita kwenye nyimbo za mapenzi na za manung'uniko ya mtu wa chini, na mwishoni kabisa ikafunga kwa "Usingizi". Naona kama Dokta Remmy alikusudia tuimalize siku pamoja naye na kulala. Mpangilio wa namna hiyo haupatikani kwa kusikiliza nyimbo moja moja.

Naomba mnitajie albamu nyingine za muziki wetu zinazostahili kusikilizwa kwa mkupuo mmoja. Sharti langu ni kwamba isiwe mkusanyiko uliookotwa kutoka huku na huko na mtu asiyehusika na muziki huo, bali iwe kazi ya msanii au kundi moja.

Bin Kuze

Ndugu yangu wa Ngamiani, swali lako ni zuri, lakini sharti lako linatufungia mlango sisi watu wa Mombasa.

Nianze na linalokubalika kwa sharti hilo. Tafuta *The Style of Mombasa* ya Zein Musical Party, iliyotoka mwaka 1990. Marehemu Zein l'Abdin alizaliwa Lamu mwaka 1939, akaishi na kupiga Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, na kwa udi sijasikia mwingine wa pwani hii aliyemzidi. Ukizoea kundi kubwa la Unguja, mara ya kwanza utadhani kuna watu waliokosa kuja kazini. Hakuna safu ya fidla. Kuna udi, ngoma na sauti, na udi ndio unaobeba kila kitu: unatangulia ubeti, unaujibu, halafu unausahihisha kidogo. Sikiliza pia maneno, kwa kuwa baadhi ya mashairi aliyoyaimba Zein yalitoka kwa Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, na mtu aliyelelewa kwa Kiswahili cha vitabuni huenda akahitaji kumwuliza mzee anayejua Kiamu, lahaja ya Lamu, maana ya neno moja au mawili.

Baada ya hiyo sikiliza *Mombasa Wedding Special* ya mwimbaji Maulidi, nayo ya mwaka 1990. Ile ya Zein ni ya barazani baada ya isha, watu wametulia na kahawa. Ya Maulidi ni ya harusini. Kinanda kimetangulia, na mahadhi yake mengi yana harufu ya filamu za Kihindi. Wako wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi siwaungi mkono, kwa kuwa vijana wa Mombasa wa miaka ya 1960 na 1970 walikulia kwenye majumba ya sinema, na mwimbaji marehemu Juma Bhalo aliyajenga mapenzi ya watu wengi kwa mahadhi hayohayo, akitia ndani yake mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yaliyokuwa na mizani kamili.

Sasa kuhusu mikusanyiko. Wasanii wetu wengi hawakupata kutengeneza albamu. Walirekodi santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule, zikauzwa dukani na kupigwa kwenye harusi hadi zikachakaa. Mfululizo wa *Zanzibara*, juzuu ya pili, umekusanya taarabu ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975, na bila ya juzuu hiyo mtu wa umri wako asingeujua muziki ule ila kwa kusimuliwa. Ukiikataa kwa kuwa ni mkusanyiko, utakuwa umemkataa Zein wa ujanani na Juma Bhalo pia.

Mstaafu wa Sinza

Vijana, shikamooni ya kwangu msinidai, nimekwishaitikia.

Nakubaliana na Bin Kuze, na naongeza ya upande wa dansi. Mnapouliza albamu ya bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980, mnauliza kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakikuwapo. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania, ikapiga nyimbo zake kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, kanda ikabaki maktaba ya redio, na wimbo ukarushwa hewani. Sisi tulikaa na redio kaseti, kidole kikiwa juu ya kitufe, tukiomba mtangazaji asizungumze juu ya gita. Kaseti yangu moja ya Mlimani Park, wale wa mtindo wa Sikinde, ina taarifa ya habari katikati, na hadi leo wimbo huo nikiusikia kamili naona kuna kitu kimepungua.

Kwa hiyo albamu ya *Sikinde* ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa Marekani mwaka 1994, ni nyimbo za kanda za redio zilizokusanywa baadaye. Hata hivyo isikilize kwa mkupuo, kwani bendi ni moja, studio ni moja, na roho ni moja. Bendi iliundwa mwaka 1978, na jina la mtindo wake lilitokana na ngoma ya Wazaramo. Zingatia wapulizaji: hawajazi nafasi tu, bali huingia pale mwimbaji, Bitchuka au Chidumule, anapovuta pumzi, wakasema neno lao, wakaondoka. Zingatia pia kwamba kila wimbo ni kisa. Sehemu ya kwanza ni ya polepole ili kisa kieleweke, na ukishaelewa nani kamkosea nani ndipo magita yanapofunguliwa kwa ajili ya wachezaji. Bendi za leo zinaanza na kucheza, kisa kinatafutwa baadaye.

Kuhusu Dokta Remmy, nilikuwa jirani wa mtaa, na kituo cha daladala bado kinaitwa kwa Remmy ingawa mwenyewe alifariki Desemba 2010. Albamu unayoisifu ilirekodiwa Uingereza katika studio za Real World, kwa mitambo ambayo hapa hatukuwa nayo, ndiyo maana unalisikia kila gita mahali pake. Ni kazi safi. Tulivyomzoea ukumbini, hata hivyo, wimbo mmoja ungeweza kuendelea hadi mhudumu azungushe bia mara mbili, na katikati yake akahutubia.

Lakini kuna jambo limenitatiza katika maelezo yako. Albamu hiyo haianzi na "Dole". Inaanza na "Nasikitika", na haimalizi kwa "Usingizi" hata kidogo. Nimetoka kuitazama kaseti yangu sasa hivi. Hebu angalia simu yako, kwa maana D iko mwanzoni na U iko mwishoni, nami nahisi nyimbo zako zimepangwa kwa abjadi.

Binti wa Chamwino

Mzee wa Sinza, shikamoo. Nimecheka hadi jirani kauliza.

Naona mmebaki pwani na Dar es Salaam, basi niruhusuni niwapeleke Dodoma. Mwaka 2024 The Zawose Queens, yaani Pendo na Leah wa ukoo wa Zawose, walitoa albamu iitwayo *Maisha*, na kwangu ndiyo iliyochukua nafasi ya nyingine zote mwaka huu. Wengi wenu mnamfahamu marehemu Hukwe Zawose wa Bagamoyo, aliyeufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa makubwa ya dunia, na albamu yake ya *Chibite* ya mwaka 1996 bado naiheshimu. Katika muziki ule wa familia wanawake walikuwapo siku zote, wakiitikia, wakicheza na kupiga ngoma, lakini macho ya wasikilizaji yalikuwa kwa wanaume wenye zeze na marimba. Katika *Maisha* wanawake ndio walio mbele, na uzito wa sauti umehama pamoja nao.

Nyumbani kwetu bibi huimba hivyo anapotwanga, sauti ikipanda kutoka kifuani hadi puani kwa ghafla, na mwingine akaipokea bila kuiacha ianguke. Kuna mahali katika albamu hii wamechanganya na vyombo vya umeme. Nilitarajia kuchukia, na katika wimbo mmoja nilichukia kweli, ila kwa sehemu kubwa umeme umekaa chini na marimba yako juu, jambo ambalo mafundi wengi wa studio hulifanya kinyume. Asiyejua Kigogo asiogope, kwani mdundo wenyewe utamwongoza, japo atakosa utani.

Nimefurahi pia kwamba nyimbo zimepangwa kwa namna ambayo mwili unapata kupumzika. Ila Mwana wa Ngamiani, tafadhali kagua mpangilio kwanza kabla hujausifu.

Kijana wa Kihesa

Wakubwa zangu, sitaki kuwachosha. Naomba tu isisahaulike *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay, ya mwaka 2001, zama ambazo msanii wa Bongo Fleva aliuza kaseti nzima badala ya wimbo mmoja wenye video. Ndiyo yenye "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia. Ukiusikiliza leo una ladha ya ziada, kwa sababu mwimbaji mwenyewe aligombea na kuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Timizia hapo sharti lako, ndugu: msanii mmoja, kazi moja.

Mwana wa Ngamiani

Mzee wangu wa Sinza, shikamoo, na nakiri kosa. Nimetazama simu: mpwa wangu alinihamishia nyimbo zile bila namba, na simu imezipanga kwa herufi ya kwanza. Kwa hiyo mwezi mzima nimekuwa nikiusifu usanii wa alfabeti.

Bin Kuze najua utasema nini, basi nikutangulie. Mimi niliyeikataa mikusanyiko ya watu nilikuwa nasikiliza mkusanyiko uliofanywa na simu. Sharti nimeliondoa, na *Zanzibara* ya pili nimekwishaitafuta, pamoja na Zein. Nimemsikiliza jana usiku nikiwa nimezima taa. Kweli, nilidhani kuna watu hawakuja kazini, lakini kufikia wimbo wa pili nikawa sitaki waje.

Asubuhi ya leo nimemrudia Dokta Remmy kwa mpangilio wake halisi. "Nasikitika" ikiwa mwanzo, albamu inabadilika tabia: mtu anaingia na huzuni yake mlangoni, hajakuamkia wala hajakaa, na zile nyimbo za mapenzi zinazofuata unazisikiliza ukiwa tayari una wasiwasi naye. "Usingizi" nao, ukiwa katikati badala ya mwisho, si wa kulala tena. Ni wa mtu anayeutafuta na saa bado mapema.

Binti wa Chamwino, *Maisha* ni ya kesho, nami nimezipa nyimbo namba mwenyewe, moja baada ya nyingine. Nitakuomba tafsiri ya ule utani. Kijana wa Kihesa, yako nimeiweka kwa siku ya mvua.