Kazi ya mtelezi wa skii za alpaini: ngazi, pointi za FIS, vifaa na kipato

MwanaTabata
Habari za saa hizi wakuu. Kuna kijana wa ukoo wetu, miaka 15, mama yake mtu wa Tabata, anakulia Tirol, Austria. Klabu yake imesema msimu ujao anaingia mbio za FIS (shirikisho la kimataifa la skii), slalomu na slalomu kubwa, yaani kushuka mlima ukipinda katikati ya nguzo ziitwazo milango; kwenye slalomu kubwa milango iko mbalimbali zaidi. Ukoo hapa Dar unachangishana, na wazee wanauliza mambo mawili ya haki kabisa: mtu anapandaje mpaka alipwe, na fedha ya mwanzo iende wapi? Juni hadi Agosti atakuwa huku likizo na jozi zake mbili za skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Wanaoujua mchezo huu naomba mchanganuo.

Kipimasaa
Mkuu, waambie wazee kwanza kwamba pointi za FIS ni kama deni, zikipungua ndiyo unapanda. Walio juu kabisa wako karibu na 0, na chipukizi huanzia mamia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua muda wake, gawanya kwa muda wa mshindi, zidisha kwa namba ya aina ya mbio (slalomu 730, slalomu kubwa 1010), kisha toa namba ileile. Mshindi wa slalomu akitumia sekunde 100 kwa mizunguko miwili na kijana akatumia 105, anapata 730 × 1.05 − 730 = 36.50. Hapo inaongezwa adhabu ya mbio, ambayo hupima ubora wa walioshiriki: kati ya 10 wa kwanza kumaliza, wanachukuliwa 5 wenye pointi bora kwenye orodha ya FIS na pointi zao zinajumlishwa, zinaongezwa pointi za 5 bora kati ya wote walioanza, zinatolewa pointi ambazo wale 5 waliochukuliwa kati ya 10 wamepata siku hiyo, jibu linagawanywa kwa 10. Adhabu ikiwa 40, kijana wetu anaondoka na 76.50.

Ndiyo maana kukimbilia mbio nyepesi ili ushinde hakusaidii sana. Unashika nafasi ya kwanza, pointi zako ni adhabu tupu, na adhabu ni kubwa.

Kwenye orodha huwekwa wastani wa matokeo yake mawili bora ya miezi 12. Akiwa na moja tu, linaongezwa asilimia 20. Kwa hiyo mtu anaweza kuanguka mara kumi, akamaliza vizuri mara mbili, akapanda. Wazee wasishtuke wakisikia hakumaliza.

Kinachoumiza ni namba ya kuanzia. Kwenye mbio za FIS 15 wenye pointi bora hupigiwa kura ya kuanza mapema, wengine hufuata kwa mpangilio wa pointi. Mwenye namba 80 anakuta kila mlango umechimbwa mfereji na waliotangulia, skii zinatetema, mstari mzuri umeshakufa. Pointi mbaya zinakupa theluji mbaya, na theluji mbaya inakurudishia pointi mbaya. Kuuvunja mzunguko huo ndiyo kazi ya misimu miwili mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo kuna Kombe la Ulaya, halafu Kombe la Dunia la skii. Austria ina watelezi wengi kuliko nafasi, hivyo mpinzani wake mkubwa atakuwa mwenzake wa timu.

FundiMakali
Kuhusu fedha ya mwanzo, msinunue mavazi ya kupendeza. Anahitaji jozi mbili za slalomu (wanaume cm 165) na mbili za slalomu kubwa (cm 193, radius ya mkunjo wa ubavu m 30), moja ya mazoezi na moja ya mbio. Halafu helmeti yenye kibandiko cha FIS RH 2013, bila hicho hataruhusiwa kuanza slalomu kubwa. Buti ndizo za kwanza kuliko vyote. Zikilegea hata kidogo, mguu unageuka na skii inachelewa kugeuka.

Kingo za chuma zinolewe kila siku ya theluji ngumu. Wengi huweka upande nyuzi 87, chini nyuzi 0.5 hadi 1. Kosa la wanaoanza ni kunoa upande tu na kusahau kutoa kile kinyweleo cha chuma kinachobaki chini. Pitisha ukucha: ukikwanguka pande zote mbili sawa, ukingo uko tayari, ukiteleza sehemu moja, pale pamekufa. Nta isiwe na florini, kemikali ya kuongeza mtelezo, imepigwa marufuku tangu msimu wa 2023/24, na Ragnhild Mowinckel wa Norwei aliondolewa kwenye matokeo ya mbio za Sölden, Austria, mwezi Oktoba 2023 kwa sababu hiyohiyo. Hata burashi ya zamani iliyogusa nta ya zamani inatosha kumponza.

Kuhusu Dar: hewa ya bahari inakula zile kingo ndani ya siku chache. Akifika tu azifute zikauke, apake nta nene ya moto chini mpaka ifunike na kingo, na asiikwangue hadi siku ya kurudi. Pasi ikitoa moshi ni moto mno, inaunguza sakafu ya skii. Zisiwekwe chini ya bati wala kwenye buti la gari. Buti zake za skii azifunge vishikizo bila kukaza, plastiki isipoteze umbo.

DadaKano
Kipato: zawadi za Kombe la Dunia hufika nafasi ya 30, na ya 30 ni hela ndogo. Wanaoishi vizuri wanategemea mdhamini wa helmeti na mkataba wa kiwanda cha skii. Wengine wengi ni waajiriwa wa jeshi, polisi au forodha huko Austria, Ujerumani na Italia, kama mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu wetu alivyo askari wa JWTZ. Hiyo ajira ndiyo lengo la kweli la miaka ya mwanzo, wazee wailenge hiyo.

Goti nalo lipangiwe bajeti. Kano ya mbele hukatika mara nyingi bila kuanguka: skii ya nje inapoteza theluji, ukingo wake wa ndani unashika ghafla, goti linaingia ndani huku likizunguka. Kurudi ni kama miezi 9 hadi 12. Chama cha skii cha nchi kimwombee FIS hadhi ya majeruhi mapema, vinginevyo pointi zinakwisha muda. Likizo ya Dar aitumie kujenga misuli ya nyuma ya paja na kutua kwa mguu mmoja, si kukimbia Coco Beach tu.

MwanaTabata
Ahsanteni sana. Anaweza kuiwakilisha Tanzania?

Kipimasaa
Anayemwandikisha mbioni ni chama cha nchi kilicho ndani ya FIS, si klabu wala familia, basi mwanzo ni hapo. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya PyeongChang 2018. Kigezo cha msingi cha slalomu kwa Olimpiki kilikuwa pointi zisizozidi 140 mwaka 2018, na 160 mwaka 2022. Kinabadilika kila michezo, na kanuni hutoka mapema.